Nyeri katika Mzalendo Kimathi: Historia, Watu na Uchumi

Wanafunzi wanaosoma Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1976, huuliza: je, kesi ilikuwa hivi kweli? Ili kuwajibu, mwalimu hana budi kuijua Nyeri yenyewe.

Mji huu ulianzishwa na Waingereza mwaka 1902 kama kituo cha utawala katika nchi ya Wakikuyu. Kufikia mwaka 1930 reli ilikuwa imefika Nanyuki, mji wa walowezi. Wenyeji walibanwa katika maeneo waliyotengewa, wakabebeshwa kipande, na kwa miaka mingi wakakatazwa kupanda kahawa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakulima wa Karatina waliuzia kiwanda mboga za kukaushwa kwa ajili ya jeshi. Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa.

Kimathi, aliyezaliwa Tetu mwaka 1920, alikulia katika hali hiyo. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata, na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Shtaka lilihusu bastola na risasi. Ardhi haikutajwa katika hati ya mashtaka.

Hapo ndipo tamthilia inapoachana na mahakama. Waandishi wanaeleza katika dibaji kwamba hawakukusudia kuirudia kesi ya Nyeri jinsi ilivyoendeshwa. Jukwaani, wenye benki, wafanyabiashara, mwanasiasa na kasisi wanamjia Kimathi katika seli kumshawishi. Uchumi ambao mahakama iliuacha nje ndio unaohukumiwa hapa.

Aidha, suala la usaliti lisifundishwe kijuujuu. Aliyemkamata Kimathi alikuwa Mkikuyu mwenzake. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwapanulia Waafrika nafasi ya kulima kahawa, na mashamba yakaunganishwa na kupimwa upya wakati wengi walikuwa kizuizini, wasiweze kutetea haki yao. Waliokuwa upande wa serikali walinufaika. Hivyo basi, baadhi ya familia za wanafunzi wetu zingali na makovu ya pande zote mbili, na mwalimu ajadili jambo hili kwa busara.

Kumbukumbu za kesi zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2017. Mwalimu na aziweke kando ya tamthilia, kisha awaulize wanafunzi: ni nini mahakama ilikataa kusikia, na ni nini waandishi waliongeza? Anayeweza kutenganisha hayo mawili ameanza uhakiki.