Nguruwe na Njaa katika Nchi ya Uzaramo

Thamani ya nyama aghalabu hupimwa chunguni: ina mafuta kiasi gani, yajenga mwili kiasi gani, yamfaa mgonjwa au haimfai. Nyama ya nguruwe nayo yaweza kupimwa hivyo. Lakini katika nchi ya kale ya Uzaramo, ambamo leo zimo wilaya ya Kisarawe na sehemu za Kibaha, hesabu hiyo haikamiliki mpaka mnyama mwenyewe afuatwe shambani usiku. Huko nguruwe alikuwa mlaji wa chakula cha watu kabla ya kuwa chakula chao, na mwanzoni mwa karne ya ishirini ulaji wake ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta njaa na vita.

Neno nguruwe lenyewe ni la asili ya Kibantu. Halikuletwa na jahazi. Ndugu zake, kama nguluwe, husikika katika lugha nyingi za bara. Aliyeitwa hivyo hapo kale ni nguruwe mwitu, mnyama wa vichaka na misitu ya Afrika, mwenye uzito wa kilo 50 hata 100 na zaidi. Nguruwe wa kufugwa ni wa jamii nyingine. Asili yake ni nguruwe pori wa Asia na Ulaya. Nguruwe mwitu hulala mchana kichakani, na giza likiingia hutoka na wenzake kutafuta chakula. Pua yake ni jembe. Kundi moja likiingia katika shamba la muhogo au la mahindi, kazi ya msimu mzima yaweza kuharibika kwa usiku mmoja. Maana kinachofukuliwa na kukanyagwa aghalabu huzidi kile kinacholiwa.

Nyama yake, kwa upande mwingine, si ya kudharauliwa. Gramu 100 za mnofu mbichi wa nguruwe wa kufugwa zina protini karibu gramu 20, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika vitamini B1, iitwayo thiamini, mnofu huo unaushinda wa ng'ombe mara kadhaa, na vitamini hiyo ndiyo iusaidiayo mwili kugeuza wanga kuwa nguvu. Imo pia vitamini B12, na madini ya chuma na zinki. Nguruwe mwitu, kwa kuwa hutembea sana na hula cha kujitafutia, hana mafuta mengi kama mwenzake wa zizini. Muhogo, ambao umelisha pwani kwa miaka mingi, una protini kama gramu moja na nusu tu katika kila gramu 100 za kiazi kibichi. Hujaza tumbo, lakini hauwezi peke yake kumkuza mtoto. Kwa sababu hiyo Waswahili hutofautisha njaa na uchu: mtu aweza kuwa ameshiba ugali, na mwili wake ukaendelea kudai kitoweo.

Katika Uzaramo kitoweo cha nyama hakikupatikana kwa urahisi. Mbung'o walieneza nagana, na ng'ombe hawakustawi. Wakulima walilima mtama, mpunga, mahindi na muhogo. Walifuga kuku na mbuzi. Nyama nyingine ilitoka porini. Hivyo kuwinda na kulima zilikuwa kazi mbili za shamba moja. Wanaume walitega, wakatandaza nyavu, wakawakurupusha wanyama kwa kelele. Mazao yalipokaribia kukomaa watu walikaa juu ya dungu, wakaamia usiku na mchana. Nguruwe mmoja akiuawa, faida zilikuwa mbili. Kwa yule asiyefungwa na sharti la dini, palikuwa na kitoweo. Na kwa wote, Mwislamu na asiye Mwislamu, palikuwa na shamba lililopona.

Mpango huo ulivurugika chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1898 kodi ya kibanda ilianza kutozwa, na wanaume wengi wakalazimika kuondoka kwao kutafuta rupia mashambani mwa walowezi, katika kazi za serikali na mjini Dar es Salaam. Sheria za uwindaji zilidai vibali, na biashara ya bunduki na baruti ikawekwa chini ya ulinzi. Kisha, mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, yakaanzishwa mashamba ya pamba ya ushirika wa kulazimishwa: kila jumbe alipaswa kuwa na shamba, na watu wake walilazimika kulilima siku 28 kwa mwaka. Malipo yalikuwa madogo hata baadhi ya Wazaramo wakayakataa.

Siku 28 zaweza kuonekana chache katika daftari la mtawala. Mkulima hana daftari hilo. Siku alizotakiwa kwenye pamba ziliangukia majira yale yale ya kupalilia na kulinda chakula, na nguruwe hakungoja mpaka zamu iishe. Mume akiwa safarini au kwenye pamba, mke alilima, akapalilia, akalea, akatwanga, na usiku akapanda dunguni. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala aliyoitoa mwaka 1997, aliyaweka mambo haya kuwa kiini cha hoja yake: kwamba vita ya Maji Maji katika Uzaramo haieleweki vizuri kwa kutazama majeshi na waganga tu, bali kwa kutazama pia njaa, nguruwe mwitu, na mzigo mpya uliowaangukia wanawake. Uzito wa hoja hiyo ni kwamba yaionyesha njaa kuwa tendo la watu. Mvua yaweza kunyesha na shamba likazaa, na bado nyumba ikalala njaa kwa kukosa mikono ya kulinda.

Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na vita ikawaka. Dawa ya maji, iliyohubiriwa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ilienea upesi, na sehemu za Uzaramo zikaingia vitani mwaka huo huo. Watawala waliijibu vita kwa kuchoma vijiji na kuteketeza ghala. Hesabu ya serikali ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wataalamu wa baadaye wamefikisha 250,000 hata 300,000, na walio wengi waliuawa na njaa na maradhi wala si risasi. Mahali palipohamwa, kichaka kilirudi. Na kichaka kiliporudi, mbung'o na nguruwe walirudi pamoja nacho. Hivyo vita iliyochochewa kwa sehemu na uharibifu wa nguruwe ilimwachia nguruwe nchi pana zaidi.

Katika miaka hiyo na iliyofuata Uislamu ulizidi kuenea Uzaramo, na Wakristo nao walikuwapo, kwani misheni ya Kilutheri ilikwisha kuingia Kisarawe na Maneromango tangu miaka ya 1890. Mnyama yule yule akawa haramu katika nyumba moja na kitoweo katika nyumba ya jirani. Hata hivyo aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara, inayokataza nyama ya nguruwe, humwondolea dhambi mwenye kushikwa na dharura asiyetaka kuvuka mpaka. Dini yenyewe, basi, imeikumbuka njaa. Sheria ya pamba haikuikumbuka.

Leo nguruwe wa kufugwa huonekana Kibaha, karibu na soko kubwa la Dar es Salaam, ambako nyama yake huitwa kitimoto. Jike hubeba mimba siku 114 tu, na aweza kuzaa watoto 8 hata 12. Ni wanyama wachache wanaolipa upesi hivyo. Faida hiyo ina masharti yake. Nyama isiyoiva vizuri yaweza kumwambukiza mlaji tegu, na mayai ya tegu huyo, yakiingia tumboni kwa uchafu wa choo, hutoa viluwiluwi ambao wakifika kwenye ubongo huleta kifafa. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ngiri na nguruwe mwitu huibeba bila kuugua, yaweza kulimaliza zizi zima, na haina tiba.

Kwa hiyo anayeuliza faida ya nguruwe katika nchi hii hana budi kuuliza mambo mawili. La kwanza ni mnofu wake una nini, na jibu lake limo katika vipimo vya wataalamu. La pili ni nani anayelinda shamba usiku, na nani amemwondoa mlinzi huyo kwenye dungu lake. Wazaramo wa mwaka 1905 walilijua jibu la swali hili la pili. Waliolipanga daftari la siku 28 hawakuliuliza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.