Nyungu, mvuke na nyuzi joto

Fuka ni kitenzi cha moshi: jiko linafuka. Fukiza nacho kilikaa na ubani na chetezo, hadi mwaka 2020, wakati wa korona, jifukiza ilipotawala midomoni pamoja na “kupiga nyungu” ya majani ya mkaratusi.

Lushoto mjini, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, maji ya nyungu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga. Usidanganyike: mvuke huo unababua vilevile, hasa ukijigubika blanketi. Epua kwanza, upoe kidogo.

Siku hizi sigara ya kielektroniki nayo inapewa neno mvuke. Inapendelewa mno! Ndani yake waya huchemsha kimiminika chenye nikotini kwa nyuzi 200 au zaidi. Zenye kidhibiti joto hupima ukinzani wa waya, unaoongezeka kadiri waya unavyopata moto, kisha hupunguza umeme kabla utambi mkavu haujaungua na kutoa formaldehaidi. Ni nafuu, naam, lakini nikotini haipungui sumu wala uraibu kwa kuteremsha nyuzi.