Kuelemewa kwa Vali

Wapiga gitaa wakisema "ovadraivu" wanaelewana, na neno hilo halina ubaya kikazi. Ila mwalimu anayetaka kulieleza kwa Kiswahili mara nyingi hukimbilia "mkwaruzo", na hapo mambo huchanganyika, kwa sababu mkwaruzo unataja kinachosikika bila kutaja chanzo chake. Mwaka 1951, jijini Memphis, bendi ya Ike Turner ilirekodi "Rocket 88" kwa amplifaya mbovu ambayo spika yake ilishindiliwa karatasi. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks aliichana koni ya spika kwa wembe, akapata ile sauti ya "You Really Got Me". Huo ni mkwaruzo wa spika iliyoumia. Ovadraivu ni jambo jingine: ni vali nzima, isiyo na kasoro, iliyopewa wimbi kubwa kuliko inavyoweza kubeba. Napendekeza tuiite kuelemewa. Uzuri wa kitenzi hiki ni kwamba kinadai jina: ni nani aliyeelemewa?

Tuchukue vali ndogo ya 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Wimbi la umeme kutoka kwenye gitaa huingia kwenye gridi, nayo gridi huachia au kubana elektroni zinazotoka kathodi kwenda anodi. Wimbi likiwa dogo, kwenye anodi hutoka nakala yake iliyokuzwa. Likizidi, upande mmoja elektroni hufika kikomo na upande wa pili hukatika kabisa, kwa hiyo vilele vya wimbi hubapa. Ubapa huo huongeza haramoni, ndiyo sababu sauti hunenepa na kung'ata. Tena, kwa kuwa kilele hakiwezi kupanda zaidi, noti iliyopigwa kwa nguvu na ile inayofifia hukaribiana kwa ukubwa. Sikio husikia noti inayodumu.

Sasa, amplifaya ina hatua ya awali, yenye vali hizi ndogo, na hatua ya nguvu, yenye vali kubwa zinazosukuma spika. Volyumu ikikaa kabla ya hatua fulani, ndiyo inayoamua mzigo wa hatua hiyo. Marshall Super Lead ya wati 100 (namba yake ya modeli ni 1959, na wengi hudhani ni mwaka) haina volyumu kuu. Kila chaneli ina volyumu moja tu, na imekaa mapema kwenye njia ya wimbi. Ukitaka vali za nguvu zielemewe, huna budi kuipandisha, na ukumbi mzima utajua. Kupunguza wati hakusaidii kama watu wanavyotumaini: kutoka wati 100 hadi 50 ni desibeli 3 tu. Ili sikio lione kelele imepungua takribani nusu, inabidi ushuke hadi wati 10 hivi.

Mwaka 1975 Marshall wakaleta modeli ya 2203 yenye volyumu mbili. Ya kwanza huielemea hatua ya awali. Volyumu kuu, iliyo baada ya hatua hiyo, hupunguza kile kinachofika kwenye vali za nguvu. Ukapatikana uwezo wa kuelemewa bila makelele makubwa. Lakini aliyeelemewa amebadilika, na sauti pia. Vali ndogo zikielemewa, sauti huwa nzito na ya kubanana. Zikielemewa zile kubwa, transfoma ya kutolea na spika nazo huingia kazini, umeme wa ndani hunywea kidogo kila unapopiga kwa nguvu, na gitaa hukujibu mkononi. Mimi napenda hii ya pili kuliko zote, na sijawahi kuisikia ikiigwa vizuri na volyumu kuu iliyoshushwa hadi chini.

Hapa ndipo istilahi ya pili inapoingia. Tundu mbili nyuma ya amplifaya, moja ya kutoa wimbi na moja ya kulirudisha, huitwa "lupu ya efekti". Kitanzi ni tafsiri inayokubalika, ila mimi ningesema mchepuo wa efekti, kama barabara ya mchepuo: wimbi linaacha njia kuu baada ya hatua ya awali, linapita kwenye efekti, linarudi kabla ya hatua ya nguvu. Ukiweka kifaa cha mwangwi mbele ya amplifaya, noti na mwangwi wake huingia pamoja kwenye vali iliyoelemewa na kusagwa pamoja. Kwenye mchepuo, kinachorudiwa ni noti iliyokwisha kuelemewa, na kila mwangwi husikika peke yake. Isipokuwa hatua ya nguvu nayo iwe imeelemewa. Hapo mwangwi hukutana na mzigo uleule upande wa pili, na mchepuo haukusaidii sana. Angalia pia kiwango cha wimbi: baadhi ya michepuo hutoa wimbi kubwa kuliko pedali za gitaa zinavyotarajia, na pedali yenyewe ndiyo inayoelemewa, kwa sauti kali isiyopendeza.

Jaribio rahisi ni pedali ya kuongeza nguvu. Iweke mbele ya amplifaya ambayo hatua yake ya awali imekwisha kuelemewa: mpiga solo atapata ukali zaidi, lakini sauti haitakua sana. Ihamishie kwenye mchepuo, na solo itapanda juu ya bendi, mradi vali za nguvu bado zina nafasi. Zikiwa zimefika kikomo, utakachoongezewa ni kuelemewa tu.