Uhalisia pepe na magofu ya Kilwa: Mtalii hukubali nini?

UHALISIA pepe ni teknolojia inayompa mtu aliyevaa miwani maalumu hisia ya kuwa mahali asipokuwepo. Wahifadhi wa malikale wameipokea kwa matumaini, kwani jengo lisilokanyagwa halichakai upesi. Je, mtalii yu tayari kulipia taswira badala ya jiwe lenyewe?

Mtafiti Daniel Guttentag, katika makala yake ya mwaka 2010 kwenye jarida la Tourism Management, alieleza kuwa jibu hutegemea namna mtalii anavyouelewa uhalisi, pamoja na kilichomtoa nyumbani.

Pale asili inapofungwa, nakala hukubalika. Pango la Lascaux nchini Ufaransa, lenye michoro ya kale, lilifungwa mwaka 1963 baada ya pumzi za wageni kuanza kuiharibu. Nakala yake ilifunguliwa mwaka 1983, na wageni wakamiminika. Hapa Tanzania, nyayo za Laetoli, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, zilifukiwa ili zisiharibike. Wageni huonyeshwa nakala katika makumbusho ya Olduvai.

Kilwa Kisiwani ni habari nyingine, maana magofu yake yako wazi. Adui mkubwa huko ni bahari inayomega ufuko, wala si nyayo za wageni. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, kisha kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia mwaka 2004 hadi 2014. Mwaka 2020 taswira zake za pande tatu ziliwekwa kwenye intaneti kupitia mradi wa Google, CyArk na ICOMOS. Aliyeko Berlin sasa aweza kuyazunguka bila kumlipa nahodha wala mwongozaji wa Kilwa hata senti moja, nao ndio walinzi wa kwanza wa magofu hayo.

Kwa maoni yetu, miwani hiyo ingefaa zaidi kisiwani penyewe. Mgeni anayesimama Husuni Kubwa huona kuta zilizobomoka na birika kavu la pembe nane. Angeonyeshwa kasri la karne ya 14 likiwa na mapaa yake na maji birikani, asingeona kwamba amepunjwa safari. Na vipimo vilivyokusanywa kwa ajili ya taswira hizo vitawafaa mafundi siku ukuta utakapoanguka.