Upepo, Fimbo na Bahari Iliyofunguka

Katika hazina ya hati za kale iliyoko Berlin imo hati moja ya mafunjo, maarufu kwa jina la Mafunjo ya Westcar. Ndani yake mna kisa cha Mfalme Snefru wa Misri, aliyeshikwa na uchovu wa moyo akashauriwa aende ziwani, atembezwe kwa mashua na wasichana ishirini wapiga makasia. Kidani cha feruzi chenye umbo la samaki kikamdondoka mmoja wao, kikazama. Mfalme akaahidi kumpa kingine, msichana akakataa: anataka kile kile chake. Ndipo kuhani Djadjaemankh akasoma maneno yake ya uganga, akayainua maji ya nusu moja ya ziwa na kuyalaza juu ya nusu ya pili, hata kina cha dhiraa 12 kikawa dhiraa 24. Akakikuta kidani kiko juu ya kigae, akakirudisha, akayashusha maji mahali pake.

Hati hiyo iliandikwa karne kadhaa kabla ya Ramesse II, farao anayetajwa mara nyingi na wataalamu wanaotafuta wakati wa Musa. Wapo wanaoishika kama kithibitisho kwamba kisa cha bahari katika kitabu cha Kutoka kimeazimwa Misri, na mjadala wakauona umekwisha. Mimi naona ndipo unapoanza. Tazama maji yamefunguka kwa ajili ya nani. Kwa Snefru yamefunguka ili starehe ya mfalme isikatizwe. Katika Kutoka yanafunguka kwa ajili ya Waisraeli, watumwa wafyatua matofali, na mfalme ndiye anayepoteza jeshi lake humo. Ikiwa mwandishi wa Kutoka aliwahi kusikia visa vya aina ya Djadjaemankh, basi amekipindua kisa chenyewe kichwa chini miguu juu, na mwenye kukipindua hivyo alikuwa na neno zito la kusema juu ya nani Mungu anamtazama.

Watu wengi hudhani kwamba swali la "ni muujiza au ni nguvu za asili?" limeletwa na sayansi ya juzi. Si kweli hata kidogo. Artapano, Myahudi aliyeandika kwa Kigiriki nchini Misri kabla ya Kristo kuzaliwa, aliandika kwamba watu wa Memfisi walikuwa na maelezo yao: Musa aliijua nchi, akangoja maji yapwe, akawavusha watu wake. Watu wa Heliopoli nao walisema aliyapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Kitabu chake kimepotea, lakini Eusebio, askofu wa Kaisaria, alivinukuu vipande vyake, na ndiyo maana tunajua kwamba miji miwili ya Misri iligawanyika juu ya jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Halafu akaja Yosefo, mwanahistoria Myahudi aliyeandika Roma mwishoni mwa karne ya 1. Baada ya kusimulia kuvuka bahari, aliwakumbusha wasomaji wake Wagiriki na Warumi kwamba Aleksanda Mkuu naye alipitisha jeshi ufuoni mwa Pamfilia, na bahari ikampisha. Habari za Aleksanda zenyewe zina ngazi tatu. Kalisthene, mwandishi wa msafara wake, alisimulia kana kwamba mawimbi yalimsujudia mfalme. Mwanahistoria Ariani alisema pepo zilibadilika zikavuma kutoka kaskazini, wala hakuona upungufu wa heshima kusema kwamba mabadiliko hayo yalikuwa na mkono wa Mungu. Strabo, mtu wa jiografia, alieleza kwamba askari walitembea kutwa nzima ndani ya maji yaliyowafika kiunoni. Yosefo alimaliza kwa kumwachia kila msomaji aamue apendavyo. Baadhi ya waumini humlaumu kwa ulegevu huo. Nadhani alikuwa mkweli kuliko watetezi wengi waliomfuata.

Tena, maelezo ya nguvu za asili hayakutoka nje ya Maandiko. Yamo ndani. Soma Kutoka sura ya 14 polepole utaona kwamba inasema mambo mawili yaliyosokotwa pamoja. Kwanza, Bwana aliirudisha bahari kwa upepo wa mashariki uliovuma usiku kucha. Pili, Musa alinyosha mkono, maji yakagawanyika yakawa ukuta kuume na kushoto. Wachambuzi wa Biblia tangu karne ya 19 wameona hapo mapokeo mawili yaliyounganishwa na mhariri. Hata asiyekubaliana nao atakiri kwamba huyo aliyeiandika sura mara ya mwisho hakuona haja ya kuufuta upepo ili fimbo ing'ae.

Wafafanuzi wa Kiyahudi wa enzi za kati waliuona upepo huo, na wakatofautiana vikali. Rashbam, aliyeishi kaskazini mwa Ufaransa katika karne ya 12, alisema Mungu alitenda kwa njia ya kawaida ya dunia, kwani upepo hukausha maji na kuyagandisha. Ramban wa Girona, karne moja baadaye, alitoa jibu ambalo limenishika kwa muda mrefu. Kwake yeye upepo haukuwa na uwezo wa kuipasua bahari. Ulitumwa ili Wamisri wadhani ni upepo tu, wapate ujasiri wa kuingia. Basi maelezo ya nguvu za asili yamo katika kisa, na walioyaamini ni wale waliozama. Huo ni usomaji mkali, lakini una akili: unaeleza kwa nini jeshi lenye akili timamu lingeendesha magari ya vita katikati ya kuta mbili za maji.

Kurani haina upepo. Katika Sura ya Ash-Shuaraa watu wa Musa wanaona majeshi mawili yanakaribiana, wanasema wamekwisha kukamatwa. Musa anajibu kwamba Mola wake yu pamoja naye, naye atamwongoza. Kisha anaamriwa kuipiga bahari kwa fimbo yake, nayo inapasuka, kila sehemu kama mlima mkubwa. Mpangilio huo ni wa makusudi: tamko la imani linakuja kabla ya muujiza, wakati ambapo hakuna hata dalili moja ya njia. Wayahudi wana simulizi ya jirani yake katika Talmudi, ya Nahshoni mwana wa Aminadabu aliyejitosa majini wengine wakisitasita, na maji yakamfika shingoni. Mapokeo mawili, kila moja kwa njia yake, yanakubaliana kwamba imani haikuzaliwa na ushahidi wa bahari iliyofunguka, ilitangulia.

Pamoja na hayo, ndani ya Uislamu pia alipatikana wa kusema "maji yalikupwa." Sayyid Ahmad Khan wa India, aliyefariki mwaka 1898, alishikilia kwamba kazi ya Mungu na neno la Mungu haviwezi kupingana, akasoma kuvuka huko kama safari iliyofuata kupwa na kujaa kwa maji. Wanazuoni wengi walimpinga. Msomaji aliyekulia Lamu au Tanga haoni ajabu katika wazo hilo, kwani amewahi kutembea penye maji ya bamvua mahali ambapo saa chache baadaye jahazi linaelea. Napoleone mwenyewe, mwezi Desemba 1798, alivuka karibu na Suezi maji yakiwa yamekupwa kwenda kutazama Visima vya Musa, na wakati wa kurudi maji yaliyokuwa yakijaa nusura yammeze. Lakini hoja ya kupwa ina udhaifu ulio wazi: askari wa farao nao walikuwa wenyeji wa nchi ile, na ratiba ya maji haikuwa siri ya Musa peke yake.

Wanasayansi wa leo wamechagua upepo. Mwaka 1992 Doron Nof na Nathan Paldor walikokotoa kwamba upepo wa mita 20 kwa sekunde ukivuma kwa saa kumi hivi kwa urefu wa Ghuba ya Suezi unaweza kuteremsha maji kama mita 2.5. Mwaka 2010 Carl Drews na Weiqing Han walitumia kielelezo cha kompyuta kwenye mashariki ya Delta ya Nile, mahali palipokuwa na ziwa la kina kifupi lililopinda. Upepo wa mashariki wa mita 28 kwa sekunde, yaani kama kilomita 100 kwa saa, ukivuma kwa saa 12, ulifungua njia kavu yenye urefu wa kilomita tatu hadi nne, ikabaki wazi kwa saa nne, maji yakiwa pande zote mbili. Drews alitaja pia taarifa ya Alexander Tulloch, afisa wa jeshi la Uingereza, ambaye mwaka 1882 aliona upepo mkali ukiyasukuma maji ya Ziwa Manzala umbali wa maili kadhaa.

Kazi hiyo naiheshimu, hasa kwa kuwa imechukua mwelekeo wa upepo kama ulivyoandikwa. Lakini tuwe waangalifu na kile inachothibitisha. Inaonyesha kwamba maji yanaweza kufanya hivyo mahali penye umbo hilo. Haionyeshi kwamba yalifanya hivyo siku ile, wala kwamba watu walikuwapo. Na fikiri kutembea usiku na watoto na mifugo, ukielekea mashariki dhidi ya upepo wa kilomita 100 kwa saa.

Udongo wenyewe unasemaje? Kidogo, na kwa sauti iliyochanganyika. Jiwe la farao Merneptah, lililopatikana na mwanaakiolojia Flinders Petrie mwaka 1896 na kuandikwa kama mwaka 1208 KK, linaitaja Israeli kama watu waliokuwa tayari Kanaani, na kudai kwamba wameangamizwa. Barua moja ya kiserikali ya mwishoni mwa enzi hizo inaeleza afisa akiwafuatilia watumwa wawili waliotoroka, wakipitia Tjeku, ambayo wengi huilinganisha na Sukothi, na kukaribia ngome ya Migdoli, majina ambayo msomaji wa Kutoka anayafahamu. Wawili tu, na dola iliandika barua. Wanaume 600,000 wanaotajwa katika Kutoka, pamoja na wake na watoto, wangeacha alama katika Sinai, na wanaakiolojia wa Israeli walioichimba rasi hiyo baada ya vita vya 1967 hawakuiona alama ya umati wa namna hiyo. Naamini hesabu hiyo haiwezi kuchukuliwa kama sensa. Kundi dogo la watoro, kwa upande mwingine, halikinzani na chochote kilichochimbwa.

Pengo hilo limejazwa na vitu visivyostahili. Tangu miaka ya 1970 zimesambaa picha za "magurudumu ya farao" zinazotokana na madai ya Mmarekani Ron Wyatt, aliyezamia karibu na Nuweiba katika Ghuba ya Akaba. Hakuna gurudumu lililothibitishwa na wanaakiolojia. Upande wa Waislamu kuna madai ya daktari Mfaransa Maurice Bucaille kwamba maiti ya Merneptah ni ya Firauni aliyezama, na kutoka hapo hotuba nyingi zikaongeza kwamba chumvi mwilini mwake ni ya bahari. Chumvi iko katika maiti za kifalme kwa sababu wahifadhi walizikausha kwa magadi. Merneptah, alipofunguliwa mwaka 1907, alionekana kuwa mzee mwenye kipara na mishipa mikuu iliyokakamaa.

Inaniuma kuona jambo takatifu likitetewa kwa picha ya matumbawe yanayoitwa magurudumu. Mtu anayesema Mungu ni kweli ana wajibu mkubwa kuliko mwingine yeyote wa kutosema uongo kwa ajili yake, na kijana aliyejengewa imani juu ya gurudumu la Nuweiba ataipoteza siku atakapojua.

Na Kurani yenyewe haikuhitaji msaada huo. Sura ya Yunus inasema mwili wa Firauni utaokolewa uwe ishara kwa watakaokuja nyuma yake. Tabari, mfasiri wa Kurani aliyefariki mwaka 923, alipokea maelezo kwamba baadhi ya Wana wa Israeli walitilia shaka kifo chake, bahari ikamtupa nje wamwone. Ushahidi huo ulikuwa kwa ajili yao, waliokuwa wakitetemeka ufuoni. Jina la Firauni huyo halitajwi.

Sura hiyo hiyo ina jambo lisilokuwamo katika Kutoka: Firauni anakiri imani yake akiwa anazama, anajibiwa kwamba amechelewa. Ibn Arabi, sufi mkubwa wa Andalusia, alithubutu kuandika kwamba kukiri kwake kulipokelewa, akapata lawama za karne nyingi. Kitabu cha Kiyahudi cha Pirke de Rabbi Eliezer kinakwenda mbali zaidi, kikimwokoa farao kutoka majini na kumfanya mfalme wa Ninawi, yule aliyetubu kwa mahubiri ya Yona. Katika Talmudi malaika wanataka kuimba bahari inapojifunga, na Mungu anawakataza kwa kuwa kazi ya mikono yake inazama. Siku ya saba ya Pasaka, ambayo kwa mapokeo ndiyo siku ya kuvuka, Wayahudi huzifupisha zaburi za sifa ziitwazo Haleli, na moja ya sababu zinazotolewa ni hao Wamisri waliokufa.