Reli ya Kusini na Mikorosho Yake

Mtu atwaaye ramani ya Tanganyika iliyopigwa chapa mwishoni mwa miaka ya 1950, akaitazama pembe ya kusini baina ya mto Ruvuma na bahari, ataona mstari wa reli utokao Mtwara, ukapita nyuma ya Lindi, ukaishia Nachingwea. Na akitwaa ramani iliyotengenezwa miaka kumi baadaye, mstari ule hatauona, kwa kuwa reli yenyewe haikuwapo tena: ilikuwa imeng'olewa na njia yake imeachiwa nyasi. Umri wake wote haukutimia miaka kumi na mitano. Nia yangu ni kueleza ilivyozaliwa na ilivyokufa, maana katika habari zake mna hoja ambayo kila serikali ikusudiayo kuinua jimbo lililo nyuma haina budi kuitafakari.

Nchi hii ilijua biashara zamani sana kabla ya kujua chuma. Katika karne ya kumi na tisa Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje zilikuwa milango ya misafara itokayo Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, ikileta pembe, sandarusi na nta, na pamoja navyo, jambo la kuhuzunisha hata leo, wanadamu waliotiwa utumwani. Na mpelelezi Livingstone, alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866, alianzia Mikindani. Lakini Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907, na njaa iliyofuata baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, viliiacha nchi imepungukiwa na watu; na Waingereza walipoitawala baadaye, Jimbo la Kusini likawa kama kisiwa, kwani masika yalipoingia mto Rufiji ulifurika na barabara ikakatika, wala hapakuwa na njia ya hakika ila bahari.

Basi ghafula, baada ya Vita Kuu ya Pili, dola ikaikumbuka kusini, si kwa ajili ya wenyeji wake, bali kwa sababu Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri la kulima karanga katika Afrika ya Mashariki. John Wakefield na wenzake wakatumwa kukagua ardhi. Na mwaka 1947, kwa auni ya waziri wa chakula wa Uingereza, John Strachey, kazi ikaanza kwa makisio ya ekari 3,210,000 zilizogawanywa katika mashamba 107, ambayo 55 kati yake yalikusudiwa kuwa Jimbo la Kusini. Kwa kuwa karanga nyingi kiasi hicho zisingeweza kupitia Lindi, ikaamriwa ijengwe bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya kuiunga na Nachingwea. Magari ya moshi yakaanza kwenda mwaka 1949 kutoka Mkwaya, penye hori ya Lindi, na mwaka 1954 Mtwara nayo ikaungwa. Kufikia wakati huo, hata hivyo, mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuanguka: huko Kongwa, katikati ya nchi, kazi ilikoanzia, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikawa haba, na matrekta mengi, yaliyonunuliwa katika mabaki ya vita, yakaharibika, na Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuvunja, ikafuta katika vitabu vyake zaidi ya pauni milioni 36.

Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikabaki bila karanga, ikichukua abiria na mizigo isiyoweza kuilipia gharama zake, na mara baada ya Uhuru ikafungwa na kung'olewa. Wahasibu hawakukosea hesabu, maana mizigo kweli haikutosha. Walikosea muda wa kungoja. Kwani katika miaka ileile ambayo mabehewa yalilaumiwa kwa utupu wake, wakulima wa Newala, Masasi na Lindi walikuwa wakipanda mikorosho, pasipo waziri wala shirika kubwa kuwaongoza. Na mkorosho huchukua takriban miaka mitatu kuanza kuzaa, na mingine mingi kufikia utimilifu wake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ikavuna tani 145,000 za korosho, na sehemu iliyo kubwa ilitoka kusini. Mzigo uliokuwa ukingojwa na reli ulikuwa umekwisha kuota mashambani, nao ulipokomaa haukuikuta reli.

Mwaka 1972 Serikali huru ilitangaza Madaraka Mikoani, na mikoa ikaanza kutungiwa mipango yake yenyewe ya maendeleo, Tanga ikisaidiwa na Ujerumani ya Magharibi, Mtwara na Lindi zikisaidiwa na Ufini. Vikajengwa pia viwanda vikubwa vya kubangua korosho. Lakini mkono uliojenga kiwanda haukumlinda mpanda mti: watu walihamishiwa katika vijiji vipya mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima ilidhoofu, maradhi ya ubwiriunga yakaenea, na msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa hayafiki tani 17,000, ilhali viwanda vimekaa kimya.

Kilichoirudisha korosho ni jambo lisilo na fahari ya kukatiwa utepe. Watafiti wa kituo cha Naliendele walithibitisha kwamba unga wa salfa, ukipulizwa kwa wakati wake, huuzuia ubwiriunga. Na kazi ya kuwafunza wakulima na kuwafikishia dawa hiyo ikaendelea msimu baada ya msimu. Mpango mwingine wa Ufini wa kuzisaidia Mtwara na Lindi nao ulidumu tangu 1988 hata 2005. Daraja la Rufiji likafunguliwa mwaka 2003. Na mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza mazao kupitia maghala, ukafuata. Msimu wa 2017/18 mavuno yalifika tani 313,000. Mwaka 2018 sehemu ya ushuru wa korosho iliyokuwa ikirudi kulihudumia zao ilielekezwa Hazina Kuu, na msimu uliofuata mavuno yakashuka sana. Pembejeo za ruzuku ziliporejea, yalipanda tena, na msimu wa 2024/25 yakapita tani laki tano.

Nashuhudia kwa haya kwamba kuliauni jimbo ni amana, na muda wa amana hiyo haupasi kukatwa kwa mwaka wa bajeti wala kwa uhai wa waziri, bali kwa umri wa kitu kilichopandwa. Mtu aliyepanda mkorosho Newala mwaka 1955, akaupalilia miaka yote asiyoambulia tunda, alifahamu hesabu hii pasipo kufundishwa. Na kama walioketi na vitabu vya reli wangalishuka garini wakaenda kumwuliza shambani mwake, yumkini angaliwaambia wasubiri kidogo, kwani mzigo wao u njiani.