Mzee Adams na hesabu ya mwaka 1921

Mwaka 1909 mwanahistoria wa Marekani Henry Adams, aliyekwisha kutimiza miaka 70, alipiga hesabu ya lini fikra za binadamu zingefika ukingoni. Akapata jibu: 1921.

Hakuwa mpiga ramli. Babu yake na baba wa babu yake walikuwa marais, naye alipata kufundisha historia Harvard. Kilichomkera ni kwamba wanafizikia wana milinganyo, wanahistoria hawana. Akaenda kuazima kwa mwanafizikia Josiah Willard Gibbs.

Gibbs, mtu mkimya, alianza uprofesa wake Yale mwaka 1871 na kufundisha karibu miaka tisa bila mshahara. Kati ya 1875 na 1878 alichapisha andiko la kurasa zaidi ya 300, katika jarida la Connecticut ambalo wachache walilisoma. Humo ndimo ulimotoka mlinganyo tunaouandika leo F = C − P + 2. C ni idadi ya viambato, P ni idadi ya hali zinazokaa pamoja, na F ni uhuru unaobaki. Maji yanayochemka ni kiambato kimoja chenye hali mbili, kimiminika na mvuke, kwa hiyo uhuru ni 1: mgandamizo ukishajulikana, jotoridi la kuchemkia limeshapangwa, mpishi apende asipende. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva mlimani. Ongeza barafu, hali ziwe tatu, uhuru unakuwa sifuri. Zitakaa pamoja kwenye nyuzi 0.01 za Selsiasi tu.

Adams alichukua neno, mlinganyo akauacha palepale. Kiingereza kina neno moja, “phase”, kwa hali ya maji na kwa awamu ya mambo. Kwetu hali ni hali, awamu ni awamu; mwandishi wa Kiswahili angejikwaa mlangoni. Yeye akapita. Awamu ya mitambo, akasema, ilidumu kuanzia 1600 hadi 1900, miaka 300. Kipeuo cha pili cha 300 ni kama 17 na nusu: hiyo ni awamu ya umeme, hadi 1917. Kipeuo cha hicho nacho ni kama minne, ndiyo 1921. C iko wapi? P je? Hazimo. Hesabu ya vipeuo aliiokota kwenye kanuni ya mvutano wa sayari, ambayo Gibbs hahusiki nayo.

Irving Fisher, mwanafunzi wa Gibbs, aliazima kwa adabu zaidi: alibuni mtambo wa matangi ya maji kuonyesha jinsi bei za sokoni zinavyotulia. Ulikuwa mfano tu, hautabiri chochote.

Adams alifariki Machi 1918, na insha yenye hesabu hiyo ikachapishwa mwaka uliofuata na ndugu yake Brooks. Ndani yake alijiachia upenyo: awamu ya mitambo ikiongezwa miaka 100, mwisho unasogea hadi karibu 2025.